Kisukuku au DNA: kipi kinasema zaidi kuhusu mnyama aliyetoweka?

Kisukuku, yaani mabaki au alama za kale zilizohifadhiwa katika jiwe, hukupa umbo: meno yanaonyesha kama alikula nyama au majani, nyayo zinaonyesha alivyotembea. Undugu ni kazi ngumu zaidi. Hapo DNA inaupiku mfupa. Kwaga, mnyama wa Afrika Kusini aliyekuwa na milia sehemu ya mbele, wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883, na wataalamu wakabishana kama alikuwa jamaa wa farasi au wa pundamilia. Mwaka 1984, nyama kavu iliyogandamana na ngozi ya kwaga mwingine katika makumbusho ilitoa vipande vya DNA: pundamilia. Tatizo, DNA huoza. Ya mamothi, jamaa wa tembo waliotoweka, imesomwa hata baada ya miaka zaidi ya milioni 1. Ya dainosari, waliotoweka miaka milioni 66 iliyopita, haipo (sinema zisikudanganye). Kwa hao nachagua jiwe.