Speedmaster na Lunar Pilot: tofauti ya bei inakwenda wapi?

Kwa bei ya saa moja ya mkono ya Omega Speedmaster unapata Bulova Lunar Pilot kadhaa, na chenji inabaki. Ninazo zote mbili, na ninaulizwa kila mara kama tofauti hiyo ya pesa inaonekana. Inaonekana, ila si pale wengi wanapoitafuta.

Kwenye kushika majira, ya bei nafuu inaipiga ya bei ghali bila ubishi. Bulova ni ya betri, na kwatsi yake, kijiwe kinachoongoza mwendo wa saa, hutetema mara 262,144 kwa sekunde, mara nane ya saa za kawaida za betri. Kwa mwaka mzima hukosea sekunde chache tu. Speedmaster ya toleo la 2021 imepimwa isichelewe na isikimbie zaidi ya sekunde 5 kwa siku. Kwa saa ya springi na magurudumu hiyo ni kazi kubwa mno, lakini mwezi ukiisha utairekebisha. Tena inataka kutiwa ufunguo: ikijaa inakwenda saa 50 hivi, kwa hiyo ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi utaikuta imelala.

Sasa bonyeza kitufe cha juu, kile cha kuanzisha kronografu, yaani kipima muda kilichomo ndani ya saa. Cha Omega kinagoma kidogo, kisha kinaachia kwa mlio mkavu, na akrabu ndefu inaondoka kama inateleza, hatua sita ndani ya kila sekunde. Ukiirudisha kwenye sifuri inaruka, kufumba na kufumbua. Nimejikuta nikipima muda wa chai kuiva ili tu nibonyeze. Vitufe vya Bulova ni virefu na bapa, rahisi kuvipata hata ukiwa na glavu, lakini kidole kinahisi swichi, basi.

Kipimo cha Bulova kinaishia dakika 60. Omega inahesabu hadi saa 12. Bulova ina tarehe, Omega haina. Yangu ya Bulova ni ile ya milimita 45, nayo inajaa mkononi. Mwenye kifundo chembamba atafute ya 43.5. Omega ya 42 inakaa vizuri zaidi.

Kioo cha Bulova ni yakuti samawi. Omega yangu ina kile cha plastiki, kinachokwaruzika upesi ila hakipasuki vipande vipande, na mikwaruzo unaisugua ikatoka. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iliipitisha Speedmaster kwa wanaanga wake mwaka 1965. Mashabiki wa Speedmaster hawapendi kukumbushwa safari ya Apollo 15, mwaka 1971: kioo cha Omega ya mwanaanga Dave Scott kiling'oka akiwa mwezini, akatoka nje ya chombo mara ya tatu na Bulova yake binafsi. Saa hiyo iliuzwa mnadani mwaka 2015 kwa zaidi ya dola milioni 1.6, na Lunar Pilot ya leo imeigwa kwake. Kwa hiyo anayedhani Bulova inajipachika hadithi ya wenyewe, siyo.

Ukitaka kronografu ya kupimia kweli, chukua Bulova. Omega inunue ukiwa umekubali kwamba unalipia kile kitufe na mtambo ulio nyuma yake. Na uweke akiba ya fundi: saa ya springi hufunguliwa, ikasafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa, na gharama ya mara moja inaweza kukaribia bei ya Lunar Pilot mpya.