Uzoefu wangu: kuhama kutoka kanuni za 2014 hadi za 2024 katika Dungeons & Dragons

Kitabu cha mchezaji cha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, kilichotoka Septemba 2024 kina kurasa 384, yaani kurasa 64 zaidi ya kile cha 2014. Wachapishaji wake, Wizards of the Coast, wanasema kwamba hili si toleo la sita bali ni marekebisho ya toleo la tano, na kwamba vitabu vya zamani vinaweza kuendelea kutumika pamoja nalo. Nimekitumia nikiwa msimamizi wa mchezo, yaani anayesimulia kisa na kuwaendesha maadui, katika kundi ambalo baadhi ya wachezaji walinunua kitabu kipya na wengine wakabaki na cha zamani. Kwa maoni yangu, dai hilo linasimama kwa upande wa visa na mazimwi, lakini linayumba pale wahusika wa vitabu viwili wanapoketi meza moja.

Kilichonifurahisha zaidi ni tiba. Kwa kanuni za 2014, kuhani aliyetumia uchawi wa kuponya majeraha alirusha dadu moja tu ya nyuso 8, akajumlisha nyongeza yake kupata pointi za uhai alizomrudishia mwenzake, na kitendo chake cha zamu hiyo kikawa kimekwisha. Zimwi la wastani liliweza kuziondoa pointi zote hizo kwa pigo moja, kwa hiyo wachezaji wajanja walimwacha mwenzao mpaka azimie, ndipo wakampa pointi chache za uhai. Akainuka, akapigwa, akaanguka tena, na mzunguko ukaendelea hivyo hadi adui alipomalizika. Ni mbinu iliyoruhusiwa na kanuni, lakini iliondoa hofu yote ya kifo. Sasa dadu za uchawi huo ni mbili, na chupa ya dawa, ambayo zamani ilimgharimu mtu kitendo chake kizima, hunywewa kama kitendo cha ziada, kile kidogo ambacho kila mtu ana kimoja tu kwa zamu, hivyo mtu anaweza kunywa na bado akainua upanga wake. Vikundi vingi vilikuwa vikifanya hivyo kienyeji muda mrefu kabla kitabu hakijaidhinisha. Kwenye meza yangu tofauti ilionekana mara moja, kwa kuwa watu walianza kutibiana wangali wamesimama.

Paladini, yaani shujaa mtakatifu, ndiye aliyezua mabishano. Chini ya kanuni za 2014, kila pigo lake lilipompata adui aliweza kuchoma akiba yake ya uchawi na kuongeza madhara ya kimungu, bila kutumia kitendo chochote, na mwenye mapigo mawili kwa zamu aliweza kufanya hivyo mara mbili. Mimi kama msimamizi nilikuwa nikiandaa joka kwa uangalifu mkubwa, kisha nikaliona likianguka kabla halijapumua moto. Katika kitabu kipya nguvu hiyo imefanywa kuwa uchawi kamili unaotumia kitendo cha ziada, kwa hiyo haiwezi kutumika zaidi ya mara moja kwa zamu, na adui mwenye ujuzi wa kuzuia uchawi anaweza kuikatiza. Zaidi ya hayo, kuponya kwa kugusa kwa mikono nako sasa ni kitendo cha ziada, hivyo paladini analazimika kuchagua kati ya kuangamiza na kuokoa. Naona uchaguzi huo ni mzuri kuliko ule uhuru wa zamani, ingawa mchezaji wangu wa paladini hakubaliani nami hata kidogo, naye alishikilia kitabu chake cha 2014 hadi tulipokubaliana kwamba kundi zima lifuate kitabu kimoja.

Wapiganaji, kwa upande wao, wamepata kitu walichokosa kwa miaka 10: kila silaha sasa ina ustadi wake, na mwenye mafunzo anaweza kuutumia. Upanga mrefu humfanya adui aliyepigwa arushe dadu mbili kwa shambulio lake linalofuata na kuchukua iliyo ndogo, ule mkubwa wa mikono miwili huumiza kidogo hata unapokosea, na shoka la vita linaweza kumwangusha adui chini. Hapo kwenye kuangusha ndipo nina lalamiko, kwa sababu kila pigo linalompata adui hunilazimu nimrushie dadu ya kujinusuru ili kuona kama anabaki amesimama, na kadiri mpiganaji anavyoongezewa mapigo ndivyo vita vinavyozidi kuburuta miguu. Mshangao wa kuvamiwa umelainishwa pia: aliyeshtukizwa hapotezi tena zamu yake ya kwanza, bali hurusha dadu mbili za kupanga zamu na kuchukua iliyo ndogo.

Jambo ambalo sikulipenda ni nyongeza za sifa za mhusika. Zamani zilitokana na jamii aliyozaliwa, jambo lililowafanya karibu mbilikimo wote wafanane, na nilifurahi kuona utaratibu huo umeondolewa. Hata hivyo, zimehamishiwa kwenye maisha yake ya awali, na kila maisha yamefungiwa sifa tatu. Aliyekuwa mkulima huongeza nguvu, ustahimilivu au busara, kwa hiyo mchezaji anayemtaka mchawi aliyelelewa shambani hapati nyongeza yoyote ya akili, ambayo ndiyo sifa mchawi anayoitegemea. Mnyororo umebadilishwa tu mahali pa kufungwa. Mwongozo wa msimamizi, uliotoka Novemba 2024, unaruhusu kubuni maisha mengine, na ninashauri ruhusa hiyo itumike tangu kikao cha kwanza.

Wachezaji wa siku nyingi wataona haya yote ni madogo. Kitabu cha 1978 kiliwazuia hata wahusika wa kike wasifikie kiwango cha juu cha nguvu walichoruhusiwa wa kiume, na toleo la pili la 1989 liliendelea na hesabu ya kutoa ambamo kinga bora ilikuwa namba ndogo zaidi. Toleo la tatu la 2000 liligeuza hesabu hiyo ili namba kubwa iwe nzuri daima, na lile la nne la 2008 likampa kila mhusika, awe mchawi au mpiganaji, orodha ya mbinu za kutumia wakati wowote, mara moja kwa pambano au mara moja kwa siku. Mhusika wa toleo la pili hakuweza kuhamia la tatu, wala wa la tatu kuhamia la nne, bila kuandikwa upya.

Aliye katikati ya kisa kirefu kwa kanuni za 2014, wahusika wake wakiwa wamefika mbali, simshauri ahame sasa, amalize kwanza. Anayeanza kundi jipya atumie kanuni za 2024, tena hahitaji kununua kitabu mara moja, kwani kanuni za msingi zilizotolewa 2025 chini ya leseni ya Creative Commons zinapatikana bure, zikiwa na fani zote 12 za wahusika, kama mchawi au mpiganaji, na ustadi wa silaha, ingawa kila fani ina tawi moja tu la utaalamu. Wakiona tawi moja haliwatoshi, ndipo wachange pesa wanunue nakala moja ya kundi.