Search Console ya Google: ya bure, na ndo ilinionyesha nilikuwa nanunua hewa

Mimi natengeneza viti. Tuko Ngong Road, Nairobi, pale mafundi wa fanicha wamejipanga kando ya barabara, na kazi yetu kubwa si kuuza sofa mpya, ni kuchukua sofa yako ya zamani tunaivua kitambaa, tunabadilisha sponji na mikanda ya chini, tunaishona upya. Wateja wengi zamani walikuwa wanaletwa na mdomo wa mteja mwingine, lakini siku hizi mtu akitaka fundi anaanza na simu, ndo nikatengenezewa websaiti, na baada ya websaiti kukaa kimya wiki nyingi nikatafuta watu wa kuipandisha juu kwa Google.

Hao watu siwataji. Waliniahidi namba moja ndani ya siku 30, nikalipa shilingi 15,000 kila mwezi kwa miezi minne. Piga hesabu, hiyo ni 60,000, hiyo kwangu ni kitambaa cha sofa kadhaa. Kila mwisho wa mwezi naletewa ripoti, kurasa kumi na kitu, rangi nzuri, michoro inapanda, na ukurasa mzima wa linki walizonitengenezea, yaani tovuti zingine zinazoelekeza mtu kwa websaiti yangu, kwa ripoti ya tatu walisema zimefika 400. Na simu haipigwi. Nikiwauliza, naambiwa madam vumilia, hii kazi ni ya polepole. Na hapo kwa kazi kuwa ya polepole hawakudanganya, Google wenyewe washawahi kusema mara nyingi matokeo yanachukua kati ya miezi minne na mwaka, shida ni kwamba Google hao hao wameandika kwa maelezo yao kwamba hakuna mtu anaweza kukuhakikishia namba moja, na mimi hiyo sikuwa nimeisoma.

Sasa Disemba mtoto wa dada yangu akaja likizo, anasomea mambo ya kompyuta, akaniuliza, "Anti, hii websaiti ulishaiunganisha na Search Console?" Sikuwa najua ni nini. Ni chombo cha Google cha bure kabisa, kinaonyesha Google inaonaje websaiti yako. Unaingia na jimeili yako, unathibitisha kwamba websaiti ni yako kwa kukopi mstari fulani wa maandishi unaubandika pale uliponunulia jina la websaiti, basi. Sisi ilituchukua karibu saa moja na muda mwingi ulikuwa ni kutafuta paswadi.

Juu kabisa kuna kisanduku, unaandika anwani ya ukurasa wako. Akaandika ya ukurasa wetu wa kwanza. Jibu likaja: ukurasa huu hauko kwa Google. Sababu: alama ya noindex. Nikamwambia nielezee kama mtu wa viti. Akasema, "Anti, ni kama umefungua duka halafu ukaandika mlangoni Google usiingie." Akaingia kwa WordPress, ile programu websaiti yetu imejengwa nayo, kwa mipangilio, sehemu ya kusoma, kuna kisanduku kimoja cha kuzuia Google na wenzake wasiiweke websaiti kwa orodha yao, na kilikuwa kimewekwa tiki. Aliyejenga websaiti alikitia tiki ili isionekane kabla haijakamilika, ni kitu cha kawaida, halafu akasahau kuitoa. Nilikaa chini nikanyamaza. Miezi minne, ripoti nne, linki 400, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuangalia kama mlango uko wazi, kitu cha dakika moja.

Hizo linki nazo tukazifungua kadhaa. Tovuti za kamari, za dawa, kurasa za lugha sizijui, na katikati ya maandishi ovyo unakuta jina la karakana yangu. Kijana akanieleza kwa nini watu wanauza linki: wakati Larry Page na Sergey Brin wanaanzisha Google 1998 wazo lao lilikuwa linki kutoka tovuti nyingine ni kama mtu anakusifia, na akikusifia mtu mwenye jina inapewa uzito zaidi. Hiyo naielewa vizuri sana, mteja wa Lang'ata akiambia jirani yake nimemfanyia kazi safi hiyo ni tofauti na mimi kulipa vijana wasimame steji waite jina langu. Google waliwabana zaidi wauza linki 2012 na mabadiliko waliyoyaita Penguin. Nikaogopa nitaadhibiwa, lakini Search Console ina sehemu ya kuonyesha adhabu zinazotolewa na watu wa Google wenyewe, tukaangalia, hamna kitu, nikashukuru Mungu.

Tukatoa tiki, tukabonyeza kuomba Google ipitie tena. Baada ya siku chache tukaanza kutokea, chini huko, lakini tunatokea.

Na hapa ndo hii kitu ilinikamata, sehemu ya maneno. Inakuonyesha maneno yenyewe watu waliyoandika kabla Google haijawaonyesha wewe, umetokea mara ngapi, umebonyezwa mara ngapi, nafasi yako ya wastani ni gani. Websaiti yangu ilikuwa imeandikwa "ukarabati wa samani za kifahari". Hakuna mtu hata mmoja aliyeandika hivyo! Watu wanaandika fundi wa sofa Ngong Road, bei ya kubadilisha kitambaa cha sofa, na moja nikaisoma mara mbili, sofa imebonyea katikati. Hayo ndo maneno mteja ananiambia akishuka na kiti kwa pikap, anasema fundi angalia hapa imebonyea, miaka yote nayasikia na sijawahi kuyaandika mahali. Tulikuwa nafasi ya sitini na kitu kwa hayo maneno. Nikakaa jioni moja nikaandika ukurasa mzima kuhusu sofa kubonyea: mara nyingi si sponji peke yake, ni mikanda ya chini imelegea, na ukibadilisha sponji ukaacha mikanda itabonyea tena, nikaweka picha ya mkanda uliochoka karibu na mpya, nikaweka bei. Leo huo ukurasa uko kwa nafasi ya tisa hivi na ndo unaniletea simu nyingi kuliko zingine zote.

Picha pia. Nilikuwa naziweka vile zimetoka kwa simu, moja MB sita, na mteja yuko kwa matatu na bando ya elfu moja ya mwezi mzima, atangoja? Kuna PageSpeed Insights, nayo ya Google na ya bure, inakupimia kasi ya ukurasa kufunguka. Kitu kikubwa kuliko vyote kwa ukurasa kinafaa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Tukazipunguza zote. Na angalia upande wa simu kwanza, sababu siku hizi Google inasoma websaiti yako vile inaonekana kwa simu.

Kasoro ziko. Takwimu kamili zinachelewa siku mbili hivi. Maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana inayaficha kwa sababu ya faragha, na kwa mwenye biashara ndogo hayo ni mengi. Inakumbuka miezi 16 tu. Haikuambii nani alipiga simu, hiyo lazima umuulize mteja mwenyewe, mimi nimeweka daftari. Na lugha yake ni ngumu mwanzoni, bila yule kijana ningeifunga siku ya kwanza.

Nyota nne kwa tano, na ile moja nimeitoa kwa sababu ya ugumu wa kuanza.

Kama websaiti yako ni ya WordPress na unataka kulipa mtu akupandishie, kwanza enda kwa mipangilio, sehemu ya kusoma, uangalie hicho kisanduku. Halafu mwambie huyo mtu akufungulie Search Console yako mbele yako, akuonyeshe maneno ya wateja wako, kabla hujatuma M-Pesa.