Xbox Series S kwenye meza ya Malindi: kibodi, mausi na skrini ya Hz 120

Anayeitaka Xbox Series S, mashine ya gemu ya Microsoft, ili akae mezani, kibodi mbele, mausi mkononi na skrini ya inchi 24 machoni, acheze kama mwenye kompyuta ya gemu bila kulipa bei ya kompyuta ya gemu, atakipata anachokitaka kwa sehemu kubwa. Si chote. Na kinachomkosesha mara nyingi si mashine. Ni skrini aliyonunua, soketi anayochomekea na paa lililo juu yake.

Mashine yenyewe ni ndogo, sentimita 27.5 kwa 15.1 kwa 6.5, na haifiki kilo mbili. Ndani ina prosesa ya AMD ya kori 8, memori ya GB 10, chipu ya picha ya teraflopu 4 na SSD ya GB 512 ambayo mwenyewe unabakiwa na takriban GB 364. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 299. Huko Marekani bei ilipandishwa mara mbili mwaka 2025 ikafika dola 399.99, kwa hivyo muuzaji wa Lamu Road hapa Malindi akikutajia bei iliyopanda usimwone mwizi papo hapo. Udhaifu wake mkubwa ni hiyo memori. Gemu nyingi mpya zinashushwa ubora wa picha ili zitoshee, na Baldur's Gate 3 ilipoingia Xbox mwaka 2023 ilikosa kwenye Series S uchezaji wa watu wawili kwa skrini moja, huku Series X, dada yake mkubwa, ikiwa nao.

Sasa skrini, maana hapa ndipo pesa hupotea. Kwenye boksi imeandikwa 144 Hz, yaani skrini hubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, mtu anafurahi, akifika nyumbani anapata 60. Skrini nyingi za bei nafuu hutoa hizo 144 kupitia tundu la DisplayPort peke yake, na HDMI yao ni ya zamani inayoishia 60 au 75. Series S haina DisplayPort. Ina HDMI moja, basi. Vile viadapta vya kugeuza HDMI kuwa DisplayPort navyo haviokoi: vingi vinaishia 60, na nyaya rahisi zinazouzwa kwa jina hilo hupitisha picha upande mmoja tu, kutoka DisplayPort kwenda HDMI, kwa hivyo ukichomeka kinyume huoni kitu.

Kabla ya kulipa, fungua kitabu cha skrini utafute jedwali la HDMI. Lazima liseme 1920×1080 kwa 120 Hz, au 2560×1440 kwa 120 Hz. Si 144, ni 120. Series S hutoa 60 au 120, hakuna nambari ya katikati, na skrini inayopokea 144 bila kupokea 120 itarudishwa 60. Ukiona pia neno FreeSync likihusishwa na HDMI, chukua. Xbox inaielewa FreeSync ya HDMI, hivyo gemu ikishuka kutoka fremu 60 hadi 50 picha haikatiki vipande. Hapa ndipo Series S inapoishinda PS5 kwa mtu mwenye bajeti ndogo: PS5 inataka skrini yenye VRR (kasi ya skrini inayofuata kasi ya gemu) ya HDMI 2.1, na hizo ni ghali zaidi. PS4 iache kabisa ukitaka 120, inaishia 60.

Waya uliokuja kwenye boksi unatosha, usiuziwe wa dhahabu. Mashine ya mtumba ikija bila waya, tafuta wa HDMI unaopitisha gigabiti 18 kwa sekunde, usiozidi mita 2. Waya wa zamani utaonyesha 1080 vizuri, lakini ukiweka 1440 kwa 120 skrini itakuwa inazima na kuwaka, na wengi hapo hulaumu mashine.

Mipangilio iko Settings, kisha General, kisha TV & display options. Weka 1080p au 1440p kulingana na skrini, chagua 120 Hz, halafu ingia kwenye modi za video uruhusu VRR. Picha ikipotea ulipobadilisha, usibonyeze kitu. Usipothibitisha, mashine inarudi yenyewe ilikotoka. HDR, ile ya kuongeza mwanga na rangi, kwenye skrini ya bei ya chini izime, inapausha rangi bila faida yoyote. Na kuna jambo la rangi ambalo wengi hawalijui: Xbox inakuja imewekwa kwa ajili ya runinga. Ukichagua PC RGB wakati HDMI ya skrini imebaki kwenye upeo mfupi wa rangi (Limited), sehemu zenye giza zinakuwa weusi mtupu na adui aliyejificha kivulini humwoni. Ama vyote viwili viwe upeo kamili (Full), ama uache kama ilivyokuja.

Matundu ya USB ni matatu, moja mbele na mawili nyuma, na hesabu yake hubana haraka. Kibodi moja, mausi moja, limebaki moja. Padi, kile kidhibiti cha mikononi, nayo inalitaka, kwa sababu hii: Series S haina tundu la spika wala la hedifoni. Sauti inatoka kwa HDMI, au kwa tundu la milimita 3.5 lililo kwenye padi. Ukichomeka hedifoni kwenye padi halafu ukacheza kwa mausi, padi isiyoguswa inajizima baada ya dakika 15 na sauti inakatika katikati ya mechi. Ukiiunganisha kwa waya wa USB haijizimi, ila tundu la tatu ndilo hilo limekwenda na diski ya nje haina pa kukaa. Njia safi ni kununua skrini yenye tundu la hedifoni, sauti ipite humo. Njia ya pili ni kibodi na mausi visivyo na waya vinavyotumia kipokezi kimoja kidogo cha USB. Vya Bluetooth usinunue kwa kazi hii, Xbox haivipokei, kama isivyopokea hedifoni za Bluetooth. Hedifoni za USB za kompyuta pia hukaa kimya mpaka ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya Xbox.

Mausi yenye programu yake ya kompyuta irekebishe kwanza kwenye kompyuta ya mtu, uhifadhi kasi ndani ya memori ya mausi yenyewe, kwa sababu programu hiyo haiwekeki kwenye Xbox. Kwa kibodi, ya kawaida ya waya inatosha na ndiyo isiyoleta matata.

Je, kila gemu inakubali mausi? La. Microsoft ilifungua mlango huo Novemba 2018, lakini kila mtengenezaji anaamua mwenyewe. Fortnite, Warzone, Halo Infinite, Sea of Thieves na Microsoft Flight Simulator zinakubali. EA Sports FC, ambayo ndiyo mfalme wa vibanda vya gemu kuanzia Maweni hadi Kisumu Ndogo, utaicheza kwa padi tu. Ukishika mausi kwenye Fortnite, utapangwa na watu wa kompyuta, na ule msaada wa kulenga unaopewa mwenye padi unaondoka. Usidhani umepata silaha ya siri. Umehamia ligi ngumu zaidi. Vile vijikasha vinavyoidanganya mashine kwamba mausi ni padi achana navyo. Call of Duty imevipiga marufuku, na akaunti uliyoilisha pesa mwaka mzima haifai kuchezewa kamari.

Kama kompyuta ya kazi, tuseme wazi: ni nusu. Kivinjari cha Edge kimo, kinakubali kibodi na mausi, na humo Google Docs inaandikika vizuri, barua pepe zinafunguka, video zinaonekana. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nayo unaweza kuifungua, lakini PDF yake hutaipeleka kwenye printa, kwa sababu hakuna sehemu ya kupanga mafaili kama ile ya Windows wala programu ya printa. Windows yenyewe haiwekeki, asikudanganye mtu. Kuna modi ya wasanidi programu inayoruhusu kuweka programu zako, ila ukiwa ndani yake gemu ulizonunua hazichezeki mpaka uiwashe mashine upya na kurudi modi ya kawaida. Mwanafunzi wa chuo anayehitaji kuandika, kuchapisha na kucheza kwa mashine moja, bora anunue laptopu.

Intaneti. Gemu kama Warzone inapita GB 100, na kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde GB 100 ni saa 22 bila kukatika. Kwa megabiti 20, saa 11. Shusha usiku. Kwa mara ya kwanza kabisa mashine haitakubali kuanza bila mtandao. Sasisho la mfumo likishindwa njiani, lishushe kwa kompyuta ya saibakafe uliweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi iliyofomatiwa NTFS. ExFAT haisomwi kwa kazi hiyo. Diski ya nje ya USB 3.0 yenye GB 128 kwenda juu inapokelewa, lakini gemu za Series S zitahifadhiwa tu humo, hazitachezeka mpaka uzihamishe ndani. Hata hivyo kuhamisha ni dakika, kushusha upya ni usiku mzima.

Tumia waya wa mtandao kila inapowezekana. Kuta nene za matumbawe, za Mji wa Kale hapa na zaidi za Mkomani kule Lamu, zinaua Wi-Fi ya 5 GHz ndani ya chumba kimoja. Kwenye Fortnite, jaribu seva za Mashariki ya Kati na za Ulaya, uchague yenye ping ndogo, yaani muda mfupi wa kwenda na kurudi. Gemu inakuonyesha nambari kabla hujachagua.

Stima ndiyo mtihani wa Malindi. Series S ikicheza inakula wati 70 hadi 80, skrini ya inchi 24 kama 25, ruta kama 10. Meza nzima ni wati 115 hivi, na saa nne ni karibu nusu uniti ya tokeni. Kompyuta ya gemu inayokula wati 400 ingemaliza uniti 1.6 kwa muda huohuo. Ila usiiache kwenye hali ya kulala: wati 10 kwa saa 20 kila siku zinafika uniti 6 kwa mwezi bila gemu hata moja kuchezwa. Weka modi ya kuzima kwa kubana umeme, inayoshuka hadi kama nusu wati.

UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, ya VA 650 yenye betri mpya itabeba meza hiyo dakika 15 hadi 25. Inatosha kumaliza mechi na kuzima kwa utaratibu. Kukatika ghafla wakati wa sasisho ndiko kunakoleta makosa ya mfumo yasiyoisha. Voltiji ikishuka jioni watu wote wanapowasha mapasi na friji, mashine haina shida, inakubali volti 100 hadi 240. Kinachoua ni mpigo wa juu stima inaporudi. Kwa hivyo kifaa cha kuzuia mpigo huo kikae ukutani, UPS ifuate, halafu mashine. Mashine iliyotoka Marekani haihitaji transfoma, inataka waya tu: ule wa kichwa cha namba nane, wenye plagi yetu ya pini tatu na fyuzi ya ampea 3.

Halafu paa. Ule mduara mweusi kwenye Series S ndiko joto linakotoka, na mashine ikilazwa mduara unaangalia juu. Ndani ya nyumba ya makuti, vumbi la makuti linadondoka usiku kucha moja kwa moja kwenye feni. Isimamishe wima, mduara uangalie pembeni, uache sentimita 15 kila upande, na usiifungie kwenye kabati la runinga. Usiiwekee kitambaa ikiwa inafanya kazi. Ikiwa imezimwa na imepoa, ifunike. Mjusi kafiri anapenda joto lake, na kinyesi chake kwenye matundu ya USB si jambo geni huku.

Hewa ya chumvi inafanya kazi taratibu. Kwa nyumba iliyo karibu na ufuo, Silversands au Mayungu, matundu huota kutu ya kijani na HDMI inaanza kupoteza picha waya ukiguswa. Kila miezi mitatu chomoa kila kitu, vuta vumbi nje kwa kifyonza chenye brashi laini, ufute ncha za waya kwa isopropili ya mafundi wa simu, usubiri ikauke. Spiriti ya duka la dawa ina maji na wakati mwingine mafuta. Upepo wa kompresa ya gereji usiukaribie, unatema maji na oili.

Kwa mtumba, usilipe kabla ya mambo manne. Iunganishe na mtandao wa simu yako uingie kwa akaunti yako: iliyofungiwa na Microsoft itakataa, na hakuna fundi wa kuifungua. Hakikisha akaunti ya mwenye nayo imeondolewa mbele yako. Chomeka kitu kwenye USB zote tatu. Mwisho, icheze dakika 20 huku ukitikisa waya wa HDMI kidogokidogo pale nyuma. Picha ikikatika, tundu limelegea, na kulibadilisha ni kazi ya kuchomelea kwenye bodi yenyewe.