Chumba cha darini London: huduma ya mchora ramani niliyemtumia

Nampa nyota 4 kati ya 5, na zote ni kwa kazi aliyoifanya kabla fundi hajagusa kigae.

Nyumba yetu iko mashariki mwa London, katika safu ya nyumba za kushikana. Watoto wamekua, vyumba havitoshi. Kampuni za ujenzi nilizouliza zilinijibu kwenye simu: jenga tu, huhitaji kibali. Huyu hakusema neno mpaka alipopanda darini na futi kamba.

Kanuni za England za mwaka 2015 zinakuruhusu kuongeza nafasi ya paa bila kuomba halmashauri kibali cha mipango, yaani ruhusa ya kujenga, mradi usizidi mita za ujazo 40 kwa nyumba ya kushikana kama yetu, au 50 kwa iliyojitenga au iliyoungana na jirani mmoja. Ila chochote kilichoongezwa paani na wenye nyumba waliotangulia kinahesabiwa humo humo! Kwetu kulikuwa na nyongeza ya zamani upande wa nyuma. Akaitoa kwenye ile 40 ndipo akaanza kuchora. Nilitamani chumba kitokeze mbele, akakataa: upande wa barabara huruhusiwi. Roshani nayo hairuhusiwi. Akahakikisha pia kwamba mtaa wetu haumo kwenye eneo la kuhifadhi majengo ya kihistoria, maana huko ruhusa hii haipo kabisa. Wenye fleti nao hawana.

Kisha akatuombea halmashauri cheti cha kuthibitisha kwamba ujenzi ni halali. Si lazima, na ada yake ni nusu ya ile ya kibali, lakini siku ya kuuza nyumba mwanasheria wa mnunuzi atataka karatasi. Mimi ningelipa tena.

Jambo ambalo wengi wetu tunalichanganya: kutohitaji kibali cha mipango hakukuondolei ukaguzi wa jengo. Huo ni wa lazima kwa kila mtu. Ngazi ya kudumu, mihimili ya chuma, ving'ora vya moshi vilivyounganishwa na umeme wa nyumba, milango inayohimili moto kando ya ngazi. Wanangu wanalala juu kabisa, na moto ukianza chini njia yao ni ngazi hiyo moja. Fundi akikwambia milango hiyo ni gharama ya bure, mtafute mwingine.

Nyota niliyoizuia ni ya majirani. Mihimili iliingia kwenye kuta tunazochangia, na sheria ya mwaka 1996 inataka wapewe taarifa ya maandishi miezi miwili kabla. Alilitaja hilo wakati ramani zimeshakamilika, kazi ikasimama kusubiri. Bei yake pia haijumuishi ada ya halmashauri wala ya mhandisi wa mihimili, kwa hiyo ulizeni mapema.