Spana ya toki ya bei nafuu kutoka Kariakoo: uzoefu wangu wa miezi minane

Kwa miaka mingi nati za magurudumu ya gari langu, Toyota IST, zilikuwa zikikazwa na fundi wa matairi kwa bunduki ya upepo, nami sikuwahi kuuliza zimekazwa kwa nguvu kiasi gani. Jioni moja nilipata pancha karibu na Kimara, nikashindwa kufungua nati moja hata kwa kuukanyaga mpini wa spana kwa uzito wangu wote, na ilipokubali hatimaye, stadi yake, yaani bolti inayoshika nati hiyo, ilikatika. Tangu siku hiyo niliamua kwamba kazi ya kukaza magurudumu nitaifanya mwenyewe, tena kwa kipimo, yaani kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukazia.

Nilikwenda Kariakoo, upande wa Gerezani, na spana ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa kubwa, ya kuanzia Nm 70 hadi 350 (Nm, yaani nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kukazia), nikielezwa kwamba kubwa hufanya kila kazi. Maelezo hayo si sahihi. Spana ya aina hii, ile inayolia "tak" kipimo kikifika, hupoteza uhakika inapotumiwa karibu na mwanzo wa vipimo vyake, na nati za magurudumu ya IST zinahitaji Nm 103 tu. Nilichagua ya ncha ya nusu inchi, yenye vipimo vya Nm 28 hadi 210, ambayo kwayo 103 inaangukia katikati, nikalipa shilingi 95,000. Jina la kampuni halikunishughulisha sana. Niliangalia zaidi kama namba zinasomeka, kama kifungio cha mpini hakitelezi, na kama namba iliyochongwa kwenye spana inalingana na ile ya kwenye cheti.

Cheti kilisema spana haipotoki zaidi ya asilimia 4, lakini nilitaka kuhakikisha mwenyewe. Niliibana ncha yake ya mraba kwenye jiliwa, spana ikiwa imelala usawa, kisha nikatundika dumu la maji la lita 20 kwenye mpini, sentimita 40 kutoka katikati ya ncha hiyo. Dumu lilikuwa na uzito wa kilo 21, na kwa hesabu hiyo ni kama Nm 82, ukiongeza mbili au tatu za uzito wa spana yenyewe. Nilipoiweka kwenye 80 ililia. Nilipoiweka kwenye 90 ilinyamaza. Kwa bei ile, niliridhika kabisa.

Katika matumizi, ninaanza kukaza nati kwa mkono, ninashusha jeki hadi tairi liguse ardhi, kisha ninakaza kwa mshazari, na mlio mmoja unatosha, kwa sababu kuendelea kuvuta baada ya mlio ni kuongeza mkazo usiopimwa. Jirani yangu alinisihi nipake grisi kwenye stadi ili zisishike kutu. Nilikataa, kwa kuwa grisi hupunguza msuguano na kufanya stadi ivutike zaidi ya inavyotakiwa ingawa kipimo kinasoma vilevile.

Kasoro zipo. Meno ya racheti ni makubwa, hivyo mahali penye nafasi finyu mpini hauzunguki vizuri, na kishikizo cha sanduku lake kilivunjika mwezi wa pili. Aidha, siitumii kwa nati ya sampu, ile ya kumwagia oili ya injini, inayotaka takriban Nm 38, kwa kuwa kipimo hicho kiko karibu mno na mwanzo. Kazi hiyo inahitaji spana ndogo zaidi, ambayo bado sijainunua. Hii niliyonayo siitumii kamwe kufungulia nati, na kila nikimaliza ninairudisha hadi 28 ili springi yake ipumzike.

Mwezi uliopita nilirudia jaribio la dumu na majibu yakawa yaleyale. Nikienda kwa fundi wa matairi siku hizi, ninamwomba aziingize nati kwa mkono na kuiweka bunduki pembeni, kisha ninatoa spana yangu kwenye buti na kuzikaza zote 16 mwenyewe.