Kuponi za supamaketi Mombasa: sabuni sawa, chunguni hazifiki

Nyumbani kwetu Mishomoroni tunakula watu sita, na pesa ya matumizi naishika mimi. Kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia kwa makini ofa za supamaketi: vile vikaratasi wanavyogawa mlangoni, vocha za kwenye programu ya simu, pointi za kadi na zile lebo za manjano kwenye rafu. Nilitaka kujua kama kweli zinapunguza matumizi ya nyumba. Jibu langu ni kwamba kwa sabuni, mafuta ya kupikia na nepi, zinalipa. Kwa chakula cha kila siku, haziongezi kitu.

Aliyenitia hamu ni wifi yangu anayeishi Marekani. Kule kuponi ni desturi ya miaka mingi. Zilikuwa zikija ndani ya gazeti la Jumapili, siku hizi nyingi ziko kwenye simu, na anayebeba mzigo ni kiwanda: duka likipokea kuponi ya kiwanda hurudishiwa thamani yake, tena na senti chache juu za usumbufu. Hapa kwetu kuponi ya kukata kwa makasi utaitafuta sana. Tulicho nacho ni ofa za duka na pointi. Ila huku na huko punguzo hupenda kitu chenye pakiti na jina. Wifi mwenyewe anasema nyanya na kuku mara nyingi hununua kwa bei iliyoandikwa, kama wenziwe.

Sasa tazama pesa ya jikoni Mombasa inakokwenda. Nazi. Samaki. Mchicha, nyanya, vitunguu, ndimu, mbaazi, viazi. Kuponi ya nazi mimi sijaiona bado. Sokoni Kongowea naichagua nazi kwa mkono, naitikisa nisikie maji, muuzaji anaivunja na kuikuna mbele ya macho yangu, na nikichukua tano bei inashuka bila ya mtu kuniuliza nambari ya simu. Kwenye vitunguu napewa nyongeza. Muuza mchicha akiniona tu ananiita, "Njoo dada, leo nimekuwekea," na fungu lake ni kubwa kuliko lile lililofungwa kwa plastiki ndani ya baridi ya supamaketi. Punguzo la sokoni linataka mdomo, na kufika mapema. Wanaoishi kisiwani watakwambia hayohayo kuhusu soko lao la Marikiti.

Kwa hiyo kikaratasi cha ofa nikikipata nakisoma kwa jicho la vitu vichache tu. Sabuni ya unga haiozi, nepi haziozi, na nyumba yenye mtoto mchanga itazinunua tu, ofa iwepo isiwepo. Hapo ukikuta mbili kwa bei ya moja na nusu, chukua. Msimu mzuri kuliko yote ni wiki zinazotangulia Ramadhani: sukari, unga wa ngano, tambi, tende, mafuta, vyote hupangwa mbele pale mlangoni, na maduka hushindana kwelikweli. Mimi hununua mafuta na unga wakati huo. Tende siziguzi mpaka nizionje, na supamaketi hawakuonjeshi, basi hizo nazifuata mjini.

Mafuta yenyewe yanataka hesabu. Mtungi wa lita 3 ulikuwa na lebo kubwa ya ofa, shilingi 975. Kando yake lita 2 za aina hiyohiyo, bila lebo yoyote, shilingi 640. Gawa: ule wa ofa ni 325 kwa lita, ule mnyonge ni 320. Watu walikuwa wakibeba wa lita 3 mmojammoja kama wanagawiwa bure! Simu zetu zote zina kikokotoo, na mkono wa kuishika tunao.

Halafu kuna bei ya rafu na bei ya kaunta. Duka moja ninalokwenda, silitaji, lebo ilisema sabuni imeshuka, keshia akapitisha kwenye mashine ikasoma bei ya zamani. Nikamwambia, "Kaka, hebu iangalie tena hii, kule imeandikwa vingine." Akaita supavaiza, supavaiza akaenda kuangalia rafu, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna, mama mmoja akasema kwa sauti kwamba wengine tuna kazi za kufanya. Bei ilirekebishwa. Tangu hapo lebo naipiga picha nikiwa palepale rafuni, na kaunta naonyesha simu. Inafupisha maneno.

Pointi ndizo zinazosifiwa kupita kiasi. Kadi yangu inatoa pointi 1 kwa kila shilingi 100, na pointi 1 ni shilingi 1. Ukinunua vitu vya 8,000 kwa mwezi umepata shilingi 80. Panda matatu kwenda na kurudi, ziondoe hapo. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017, ukisahau kikapu nyumbani utalipia mfuko wa duka, na pointi zako nyingine ndizo hizo. Kadi ina maana kama duka liko njiani kwako. Kulifuata duka kwa ajili ya pointi ni kumnufaisha dereva. Juu ya hayo umetoa nambari ya simu, na ujumbe wa ofa utaingia hata usiku umelala. Mimi nimeshaomba niondolewe kwenye orodha, na kadi inafanya kazi vilevile.

Mwenye kadi asiwe na tabia ya kuzilundika pointi eti zije zinunue friji. Nakumatt walikuwa na kadi yao, Smart Card, na nusu ya mji huu ilikuwa nayo pochini. Duka lenyewe likafungwa kabisa mwaka 2020. Mimi zikifika pointi 100 namwambia keshia azitoe hapohapo kwenye bili.